Rauta Iliyolazwa Chali

Makambako,
9 Machi 2024

Baba mdogo Romani,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Hapa Makambako tu wazima, isipokuwa upepo ndio hautaki kutuzoea. Juzi umeng'oa bati la choo cha jirani ukaenda kulilaza katikati ya barabara, malori yakawa yanalizunguka kwa heshima. Justine anakusalimu. Bado anaendesha lile lori la mbao, na wiki hii yuko njia ya Dodoma. Mtoto ameota meno mawili, anauma kila kitu hadi sikio langu.

Mama mdogo Modesta alifika salama na mfuko wa viazi. Nilipovimimina jikoni, ikadondoka rauta yako imefungwa kwenye shati lako la kazi. Nilikaa chini nikaifungua. Hiyo ndiyo mashine niliyokuwa nikiichungulia dirishani kwenye karakana yako nikiwa msichana, ile iliyochonga maua kwenye milango ya watu na mifereji kwenye makabati yao, na hukuruhusu mtu aiguse. Nilimuuliza Mama mdogo kama kweli umeitoa mwenyewe. Akajibu kwamba ulisema nipelekewe kwa kuwa huko inaota kutu, kisha ukageukia ukutani.

Asante sana, ila naiogopa. Unajua kazi zangu ni ndogo ndogo: fremu za picha, vibao vya kukatia mboga, visanduku vya hereni. Nikiishika na kuiwasha inataka kuruka kama jogoo aliyekamatwa miguu, na kipande cha mbao chenyewe ni kidogo, hakina pa kukibania. Sasa nimeona kwenye simu mtu wa nchi za nje ameilaza yake chali. Amekata tundu kwenye meza, akaifunga kwa chini, kile kisu chake kinachozunguka kikawa kinachungulia juu kidogo tu. Halafu hasukumi mashine, anasukuma mbao. Ubao unaingia mkavu na wa pembe nne, unatokea upande wa pili una pindo kama la kitambaa cha altare. Nilitazama mpaka bando likaisha. Meza zenyewe za dukani si za watu wa kwetu. Je, naweza kuiunda mwenyewe kwa vitu vya kuokota?

Jambo jingine. Binti yako Brightness ameniambia sherehe ya kumuaga, sendofu, itakuwa Oktoba. Najua habari ya sanduku, na najua hali ya mkono wako. Niruhusu nikutengenezee mimi, nitalileta usiku, hakuna atakayejua.

Mwanao,
Anneth


Matembwe,
2 Aprili 2024

Mwanangu Anneth,

Marahaba. Milele na milele, amina. Mwandiko huu unaouona ni wa mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote ulikuwa msaidizi tu. Usiucheke, bado uko darasa la kwanza. Simu siitaki kwa sababu tangu kiharusi ulimi umekuwa mzito, na mtu akiniuliza "eti?" mara ya tatu nakata. Barua hainiulizi eti.

Mvua ni nzuri, mahindi yanapendeza hadi unaogopa kuyasifu. Modesta yuko shambani kwenye chai tangu asubuhi. Mimi nakaa barazani kwenye ukungu, malori ya mbao yanapita, madereva wananipungia, nami nawapungia kwa mkono ulio hai.

Kuhusu sanduku, hapana. Na neno lile la kwamba hakuna atakayejua usiniandikie tena, maana mimi nitajua. Wewe umeolewa, uliona ilivyokuwa. Katika ukoo wetu baba husimama mbele ya watu, huweka mkono juu ya sanduku la binti yake na kusema, "Hili nimelichonga mimi." Hata asiye fundi hufanya hivyo. Marehemu kaka yangu, baba yako, alikuwa mkulima, na sanduku alilokupa lilikuwa limepinda kama limekunywa pombe ya ulanzi, lakini alisema kweli na watu wakampigia vigelegele. Nimesema maneno hayo kwa dada zake Brightness wote. Kwa huyu kitindamimba nitanunua begi la magurudumu na kunyamaza. Ule ubao wa mninga niliomwekea juu ya dari la jiko tangu abatizwe, nitaupeleka parokiani wafanye wanachotaka. Mambo hayo tumeyamaliza.

Tuje kwenye meza, maana hapo umenigusa. Sijawahi kuona kitu kama hicho lakini naona kinawezekana. Tafuta ubao laini unaoteleza, ule wa meza za ofisi, usiwe uliolowa na kuvimba. Toa kile kibao cha plastiki cha chini ya rauta, utakuta matundu ya skrubu. Ndiyo yatakayoishika, lakini meza ikiwa nene kisu hakitafika juu, kwa hiyo ifunge kwanza kwenye bamba jembamba la chuma, kisha bamba ulizamishe lilingane na meza. Pitisha kucha, isikwame popote. Ubao wa kuegemezea mbao uwe mnyoofu kuliko mahakama. Miguu iwe ya mti wa mlingoti, mizito, isitetemeke. Na swichi iwe juu, karibu na goti, usiwe unainama chini ya meza kuitafuta.

Ukiwasha, sukuma kutoka kushoto kwenda kulia. Nimefanya hivyo tangu nilipoifahamu mashine hiyo. Hilo usilibadilishe.

Msalimie Justine, mwambie apunguze mwendo pale mteremkoni.

Baba yako mdogo,
Romani


Makambako,
12 Mei 2024

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama mdogo. Mtoto sasa anasimama akishika ndoo. Upepo umetulia, baridi imeanza, wauza makoti ya mitumba wamejaa stendi kama sikukuu.

Sanduku sitalitaja, nimekusikia. Nikusimulie meza.

Duka la simu karibu na stendi limefungwa, na mwenye nyumba alikuwa ametupa kaunta nje. Ubao wake unateleza, maji yanaukimbia. Nimempa kibao cha mboga akanipa yote. Bamba nimelipata kwa wachomeleaji, lilikuwa mlango wa jiko la zamani. Miguu ni ya mlingoti kama ulivyosema, Justine amenikatia, na fundi umeme wa mtaani amenihamishia swichi hadi kwenye mguu wa mbele. Nilipitisha kucha pale bamba linapokutana na meza mpaka ikaacha kukwama.

Kipande cha kwanza kiliniponyoka, nikaanza upya. Baada ya hapo, Baba mdogo, sijui nikuelezeje. Nilichukua kipande cha paina, kile chenye vifundo ambacho hata kwa kuni kinadharauliwa. Nikakiegemeza, nikakisukuma polepole. Hakuna kurukaruka wala kupigana. Sauti ikabadilika ikawa kama ya mtu anayeimba amefumba mdomo, maranda yakaruka laini kama unga wa ulezi, na kipande kikatoka upande wa pili kikiwa kitu kingine. Pindo limejikunja, mistari ya mti imejitokeza kwenye mkunjo ule kama mawimbi, mistari iliyokuwa imejificha humo siku zote. Nilizima mashine. Niliona haya, kana kwamba nimefungua mlango wa mtu bila kubisha. Kisha nikachonga kingine, na kingine, mpaka mtoto akalia nikakumbuka kwamba nina mtoto.

Watu wa mtaani wanakuja kutazama. Mwalimu wa kwaya ya Walutheri aligusa pindo akasema "Bwana asifiwe" bila kufikiri. Mimi nasema ni mashine ya Baba mdogo, imelala chali tu.

Andika unijibu.

Anneth


Makambako,
30 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Hii ni fupi. Sijapata jibu lako, na barua niliikabidhi mwenyewe kwa konda wa basi la Lupembe, mtu mwaminifu. Mama mdogo alipokuja kuuza maharage hapa hakuniambia chochote zaidi ya kwamba u mzima. Alinitazama tu, akatazama meza, akaondoka mapema. Kama nimekuudhi kwa lolote, nigombeze, usininyamazie. Nasikia huko baridi imekuwa kali hadi majani yanaamka meupe. Nimetuma sweta.

Kitu kimoja nimekuwa nikikiwaza, nikakionea aibu kukisema. Kwenye meza hii hakuna anayeishika mashine. Mashine imejishika yenyewe.

Anneth


Matembwe,
21 Julai 2024

Mwanangu Anneth,

Marahaba. Sweta limefika na ninalivaa hadi kitandani, Modesta amelalamika. Viazi vimeungua na baridi upande wa bondeni, vya juu vimepona. Brightness amekuja kutoka Njombe mjini kutuonyesha mchumba wake tena, kijana mtulivu, anakula vizuri. Wamekwenda kusali Ipelele kwa bibi yake kijana.

Sasa nijibu. Modesta alirudi kutoka kwako akaniambia alichokiona, ambacho wewe hukuniandikia. Kidole chako cha kati kimefungwa. Justine alimweleza kwamba siku ya kwanza kabisa ulisukuma kushoto kwenda kulia, kisu kikaunyakua ubao, ukavunja kioo cha dirisha, na kidole kikafuata, ukucha ukaenda. Na kwamba tangu siku hiyo unasukuma kutoka kulia. Wewe ukaniandikia kwamba kipande kiliponyoka. Umelelewa vizuri, lakini kwa sababu yangu ungepoteza mkono.

Ndiyo maana nilinyamaza. Nilikaa barazani nikasema, mkono umekwenda, ulimi umekwenda, na sasa hata ule ujuzi uliobaki kichwani unaumiza watoto wa watu. Basi. Sikutaka kalamu tena.

Kisha juma lililopita Modesta alipindua baiskeli yake uani ili nimshikie wakati anatia mafuta mnyororo. Nikazungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto, nikawa nalitazama. Lilikwenda kama mshale wa saa. Modesta aliniita upande wa pili nimpe kitambaa. Nikazunguka, gurudumu bado linakwenda, hakuna aliyeligusa. Upande ule lilikuwa linakwenda kinyume cha saa.

Anneth, nilisimama pale na kitambaa mkononi. Gurudumu ni lile lile, mwendo ni ule ule, na bado limegeuka, kwa sababu tu mimi nimehama. Nikarudi upande wa kwanza, likawa sawa. Nikaenda upande wa pili. Modesta alidhani kiharusi kimerudi, akaanza kulia. Nilicheka mpaka mate yakanitoka kwenye ule upande wa mdomo usiofunga. Rauta ikilazwa chali, kisu kinazunguka kinyume. Ndiyo maana ukisukuma kushoto kwenda kulia, badala ya kupambana na mbao, kinaivuta. Miaka yote hiyo niliitazama mashine kwa mgongo tu, nikadhani naijua. Nimefikisha umri huu ndipo Mungu ananionyesha gurudumu la baiskeli. Bado nina mshangao hadi leo.

Nisamehe kwa kidole chako. Kipe pole zangu.

Na sasa nakuuliza, nijibu kwa kweli bila huruma. Uliandika kwamba mashine imejishika yenyewe. Anayesukuma mbao, je, anahitaji mikono miwili?

Usingoje kuandika. Baada ya sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni nitashuka Makambako nijionee. Modesta atabeba mninga. Watu wa parokiani hawajaupata, sikuwahi kuupeleka. Usimwambie Brightness, na usimwambie mtu yeyote kwamba nitajaribu, ili nikishindwa nishindwe kimya kimya.

Romani


Makambako,
15 Septemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Natumaini sanduku lilifika bila kukwaruzwa. Justine alilifunga kwa mablanketi yetu yote mawili, na usiku ule tulilala tumejifunika kanga. Mtoto amepata homa na vipele, wamesema ni surua, lakini ananyonya.

Basi lilikuwa linapiga honi mlipopanda, sikupata kusema. Nasema sasa.

Nilikuogopea. Siku ya kwanza hukuigusa. Ulizunguka meza, ukapiga magoti ukachungulia chini yake kwa muda mrefu, ukatazama rauta yako imening'inia pale kama popo, ukacheka peke yako. Nilikuchongea kile kipande cha kusukumia chenye mshikio kama wa pasi, ukakipima mkononi, ukakirudisha ukaniambia nikipunguze. Kwa hiyo nikajua utafanya.

Halafu ukauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, ukaulaza juu ya ubao wa paina kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Ukauacha uzito wake ukandamize. Kwa kushoto ukasukuma, kulia kwenda kushoto. Nilinyoosha mkono nikushikie ncha ya pili. Ukanitazama tu, nikaurudisha mgongoni. Ubao ukapita, ukatoka na mfereji ulionyooka. Ukainamisha uso ukaupitisha shavuni, lile shavu linalohisi. Mama mdogo alitoka nje, nikamsikia akipenga kamasi kwa nguvu.

Mninga ni mmoja tu na ulijua hakuna mwingine. Nilikuwa nimebana pumzi tangu ulipoibonyeza ile swichi. Ile harufu ilipotoka ilijaa nyumba nzima. Vumbi jekundu lilikuwa kwenye nyusi zako. Mifereji ya kitako, pembe za kuumana, pindo la kifuniko, vyote vilipita chini ya mkono ambao daktari alisema haufai kwa kazi yoyote. Pale uliposita kisu kiliunguza kidogo, kikaacha alama nyeusi, nikaleta msasa, ukaukataa. Ulizifunga pembe kwa mipira ya baiskeli, ncha moja umeing'ata kwa meno, na hukukubali msaada.

Mbao alipasua jirani kwa msumeno wake wa mashine. Uliniuliza kama hilo linaharibu maneno ya baba. Nilikujibu kwamba kupasua si kuchonga, hata zamani mlikuwa mnapasuliwa mbao. Mengine yote niliyatazama tu, na mtu yeyote akiniuliza nitaapa hivyo mbele ya padri.

Nimeona mengi kwenye meza hii tangu Mei. Sijaona kitu kama hicho.

Anneth


Matembwe,
20 Oktoba 2024

Mwanangu Anneth,

Marahaba. Tulisikitika hukufika, lakini mtoto mwenye surua habebwi kwenye basi, na Brightness anajua. Sasa macho yake yamefunguka vizuri? Modesta anamtumia asali.

Umeniomba kupitia kwa Justine nikusimulie. Nasimulia.

Ukumbi wa parokia ulijaa, wa kwetu na wa kwao. Mshereheshaji alikuwa mmoja wa wale wanaoongea kama wanafukuzwa na nyuki. Zamu ya baba ilipofika, akatangaza kwamba kwa kuwa mzee hawezi kusema, shemeji yangu Silvesta atasema kwa niaba yake. Walikuwa wamelipanga wenyewe, kwa upendo. Silvesta akasimama akafunga kifungo cha koti. Nikamshika mkia wa koti nikamkalisha. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa mashemeji.

Nikaenda mbele. Sanduku lilikuwa mezani limefunikwa kitenge. Brightness alikivuta, na nilisikia ukumbi ukivuta pumzi, maana taa zilipoliangukia, mninga ule uliwaka wenyewe. Alijua nilikuwa nimesema begi la magurudumu. Alilitazama sanduku, akanitazama mkono, akalitazama tena. Nikaunyanyua mkono wa kulia kwa wa kushoto, nikauweka juu ya kifuniko.

Nikaanza. "Hili" lilitoka. Neno la pili, "nimelichonga", halikutoka. Unajua lilivyo refu, na ulimi wangu unajikwaa pale kwenye "cho". Nilirudia. Mtu wa nyuma akaanza kupiga makofi ili kunisaidia, kwamba inatosha, tumeelewa. Modesta akageuka akamtazama, makofi yakafa. Mshereheshaji akashusha kipaza sauti. Silvesta akainama. Brightness angeweza kunimalizia, maneno anayajua tangu sendofu za dada zake, lakini alisimama wima kando yangu na vito vyake, akasubiri. Ukumbi mzima ukasubiri. Sijapata kusubiriwa hivyo tangu niugue, watu humaliza sentensi zangu au huondoka.

Likatoka. Lilitoka limepondeka, lakini kila mtu alilisikia. Likabaki moja.

"Mimi," nikasema.

Vigelegele sikuvisikia, nilivihisi kwenye kifuniko, chini ya kiganja, katika mkono ule ambao haukuwa ukihisi kitu.

Ni mimi,
Fundi Romani